Madam Hakati Mtu

Mwalimu aliyenifundisha kuhariri video hakuzipenda video. Aliwapenda watu waliokuwa ndani yake, jambo ambalo ni tofauti kabisa na ambalo lilitutesa sana. Tulimwita Madam, kama wanafunzi wa Nairobi wanavyomwita kila mwalimu wa kike, na sitamtaja kwa jina jingine. Kwenye cheti changu saini yake inafanana na waya uliokanyagwa na gari.

Nilifika darasani kwake nikiwa na miaka arobaini na saba, shahada mbili za fasihi, na barua ya kuachishwa kazi. Kila gazeti nililolipelekea makala liliniuliza kama nina video ya kuambatanisha. Sikuwa nayo. Nikajiandikisha kozi ya mwaka mmoja katika chuo kimoja kidogo cha River Road, orofa ya tatu, juu ya duka la mabomba. Siku ya kwanza nilipoingia na mkoba wangu wa ngozi, vijana wote wa miaka ishirini walisimama wakidhani mimi ndiye mwalimu. Madam alipoingia nyuma yangu, na sweta yake na beji ya akina mama wa kanisa, walidhani amekuja kumtafuta mwanawe.

"Kaeni," alisema. "Mzee, na wewe ukae. Hapa kila mtu ni mjinga mpaka Novemba."

Nilikaa. Ilipofika Novemba nilikuwa bado.

Kabla ya kufundisha, Madam alikuwa amepiga na kuhariri video za kwaya kwa muda mrefu kuliko umri wa wanafunzi wake wengi. Kwaya zilitoka Kitui, Mwingi na Machakos, zikashuka kwenye basi alfajiri zikiwa tayari zimevaa sare, zikapanda ngazi hadi kwake. Sasa kuna jambo moja la kuelewa kuhusu video ya kwaya. Kila mwanakwaya amechangia, kila mwanakwaya ana mama kijijini atakayeitazama ile video hadi mwisho, na kwa hivyo kila mwanakwaya lazima aonekane. Si kuonekana mgongo. Kuonekana. Kama wimbo una beti tatu na kwaya ina watu arobaini na wawili, basi kiitikio kitarudiwa hadi wa arobaini na mbili aonekane, hata kama wimbo ulikuwa wa dakika nne na sasa ni wa dakika kumi na tisa. Madam hakati mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake mjini, na ndiyo iliyokuwa sayansi yake yote.

Ilikuwa pia na kanuni ndogondogo. Picha yake ilianzia chini. Tuliona viatu kwanza, kisha soksi, sketi, beji, na mwisho uso ukiwa umeanza kuchoka kungoja. Nilipouliza sababu, aliniambia viatu vilinunuliwa kwa ajili ya siku hiyo. "Mtu amenunua viatu, wewe unampiga kichwa. Kichwa alikuwa nacho kitambo."

Nyuma ya kila mtu aliweka maporomoko ya maji. Alikuwa na kitambaa kikubwa cha kijani kilichotundikwa ukutani, na kompyuta ilipokiondoa, maji yalianza kumwagika. Harusi, mahubiri, tangazo la shule ya chekechea, vyote vilifanyika kando ya maporomoko yaleyale. Mimi, kwa sauti yangu ya shahada ya pili, nilimuuliza kama hayo maji hayakuwa yanapunguza uhalisia.

"Mzee, umewahi kuteka maji Kitui mwezi wa tisa?"

"Hapana, Madam."

"Basi wachana na watu wasimame karibu na maji."

Niliandika jibu hilo kwenye daftari langu. Chini yake niliongeza aya nzima ya uchambuzi, ambayo leo hii siwezi kuielewa.

Alikuwa mtu wa kujipinga bila haya. Alikataza kabisa kuvuta picha karibu ghafla, akisema inawashtua wazee, na yeye mwenyewe aliifanya mara tatu kwa dakika. Muziki wa vijana aliuita kelele ya shetani, lakini ngoma ikichelewa hata kidogo aligonga meza na kalamu: "Shetani wenu hajui kuhesabu?" Alitufungia mlango tukichelewa, naye alichelewa kila siku, kwa hivyo kuna asubuhi darasa zima lilikuwa limejifungia ndani na yeye akibisha nje. Na kila video ilipokuwa ikihifadhiwa, ule mstari wa buluu ukitambaa kwenye kioo, sote tulisimama tukainamisha vichwa, akaomba hadi ufike mwisho. Kompyuta za chuo zilikuwa za polepole. Nimehudhuria ibada za Pasaka zilizokuwa fupi.

Kuna mtu mmoja alipanda zile ngazi tukiwa darasani, suti safi, akitaka aondolewe mke kwenye video ya harusi yake ya zamani. Mke tu. Keki ibaki. Alikuwa tayari kulipa vizuri. Madam alimsikiliza hadi mwisho, akampa kiti, akampa chai.

"Mimi nilihariri harusi," akamwambia. "Ndoa hariri mwenyewe."

Mtu huyo alimaliza chai akashuka ngazi, na sisi tukaendelea na somo la sauti.

Sasa nifike kwenye ile kazi ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayonifanya nimwandike.

Mwanzoni mwa muhula wa tatu mkuu wa chuo alimwita Madam na kumwambia waziwazi kwamba mtahini wa nje amelalamika mara mbili. Video za darasa lake ni ndefu na ni za kizamani. Ya muhula huu ikiwa hivyo tena, darasa linafungwa, na chumba kinapewa kozi ya kutengeneza vituko vya simu. Madam alitusimulia haya huku akifuta ubao. "Kwa hivyo mjaribu," akamaliza, kama mtu anayetutuma chumvi dukani.

Kundi letu ndilo lililochaguliwa kutengeneza video hiyo. Mwimbaji alikuwa Brayo, kijana wa Kakamega aliyeishi Kawangware katika chumba ambacho mlango wake ulikuwa pazia. Wimbo wake uliitwa "Geti". Ulihusu mageti matatu aliyonayo nyumbani kwake. Mpiga picha alikuwa Shiru, msichana wa maneno machache na dharau nyingi. Mimi nilifanywa mwelekezi kwa sababu ya mvi. Niliwaandikia ukurasa mzima kuhusu geti kama mpaka wa kitabaka. Shiru aliusoma, akaukunja, akauweka chini ya mguu wa kamera uliokuwa mfupi.

Tulihitaji geti la tajiri, kwa hivyo tulienda Spring Valley, tukatembea kando ya ua tukichagua mageti kama watu wanaonunua tikiti maji. Madam alitufuata nyuma na mkoba wake na chupa ya chai. Tulipata moja jeusi, refu, lenye mashada ya chuma. Pembeni yake kulikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda soja, mlinzi wa makamo aliyevaa buti za mpira.

"Mulembe," Brayo akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Mulembe muno. Lakini hata kama ni mulembe, geti si yangu. Mnataka nini?"

Brayo akaeleza. Soja akacheka, akakataa. Nikajaribu mimi, nikataja sanaa. Akakataa bila kucheka. Ndipo Madam akasogea, akamiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa.

"Baba, wewe umewahi kuonekana kwa video?"

"Mimi? Naonekana kila siku." Akaonyesha kamera ya ulinzi juu ya nguzo. "Hiyo haisinzii."

"Hiyo si kuonekana, baba. Hiyo ni kuchungwa."

Soja aliitazama ile kamera kwa muda. Nadhani alikuwa hajawahi kuitazama yeye. Siku zote ilikuwa kinyume.

"Na nikiwafungulia dakika tano," akasema polepole, "mtanionyesha? Watu wa Bungoma waone?"

"Nakuahidi mbele ya Mungu. Hutakatwa."

"Mwenye nyumba akiona je?"

"Yeye huangalia nyimbo za vijana?"

"Huangalia habari na gofu."

"Basi."

Soja aliingia kibandani. Alipotoka, zile buti hazikuwepo tena. Alikuwa amevaa viatu vya kahawia vilivyochongoka, vinang'aa kama meza ya wakili. Vilikuwa vya kurudia nyumbani Desemba. Madam alivitazama, kisha akanitazama mimi.

Dakika tano zikawa saa mbili. Mtunza bustani alikuja na mpira wake wa maji kuuliza kunani, akaambiwa asimame kwenye mstari. Yaya wa nyumba ya pili alipita akivutwa na mbwa mkubwa kuliko yeye. Wote wawili wakapangwa. Akaja mwuza mahindi ya kuchoma na jiko lake, na kijana wa kuleta maji ya kunywa na mtungi begani. Madam aliwapanga kwa kimo kama kwaya, akamwonyesha Shiru pa kuanzia, yaani chini. Mbwa alimbwekea Brayo peke yake.

"Madam, hii ni wimbo ya utajiri!" Brayo alilia. "Huyu na mpira wa maji anafanya nini kwa shoti yangu?"

"Ni mtu anamwagilia nyasi yako. Tajiri ana nyasi ama hana?"

"Ako nayo."

"Inajimwagilia?"

Brayo akafikiri sana. "Hapana."

"Basi imba."

Akaimba. Soja alifungua geti mara kumi na nne, na kila mara kwa taadhima zaidi, hadi mara ya mwisho nilihisi kama tunaingia peponi na tumechelewa.

Toleo la Madam lilikuwa la dakika kumi na moja. Wimbo ulikuwa wa dakika tatu. Kiitikio kilirudiwa hadi maneno yakapoteza maana yote, na yaya na mwuza mahindi walipewa kila mmoja nafasi ya kutembea kutoka kushoto hadi kulia. Lilikuwa la ajabu. Pia lilikuwa barua ya kulifunga darasa, iliyoandikwa kwa mwandiko wa Madam mwenyewe, na kila mmoja wetu alijua.

Kwa hivyo, mchana mmoja yeye akiwa kanisani, mimi na Shiru tulitengeneza toleo la pili. Dakika tatu kamili. Brayo peke yake, kivuli, moshi, gari la mtu lililoegeshwa pale. Geti lilifunguka lenyewe. Mahali fulani kidole gumba cha soja kilibaki kimeshika chuma. Shiru alikifunika na moshi zaidi. Nilijivunia sana. Nilijiambia ninamwokoa Madam, na nilipenda jinsi nilivyokuwa nikijiambia.

Asubuhi ya mtihani nilimwekea flashi mezani, nikafungua video. Alitazama akiwa amesimama, mkoba bado begani.

"Wako wapi?"

"Hawamo, Madam."

"Soja?"

"Madam, mtahini anafika saa nne. Ukimpa ile ya dakika kumi na moja, kesho huna darasa. Zote mbili ziko kwa flashi. Chagua tu."

Duka la chini lilikuwa likikata bomba, na msumeno ulilia hadi tukashindwa kusema. Uliponyamaza, alisema, "Mimi niliahidi mtu."

"Najua, Madam."

"Hapana. Wewe hukuahidi mtu. Ndiyo maana mkono wako ni mwepesi."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumshawishi endapo angekataa, yenye sehemu tatu. Sikuihitaji. Alikaa kwenye kompyuta, akafuta ile ndefu kutoka kwenye flashi kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea mtahini ile fupi.

Mtahini aliisifu. Alisema hatimaye darasa hili limeingia karne hii. Aliuliza tulifanyaje hadi geti likafunguka kwa ustadi vile.

"Ni ya rimoti," akasema Brayo.

Madam alikuwa akitazama dirishani, nje, upande wa River Road, ambako hakukuwa na lolote la kutazama ila mabati. Darasa likabaki. Mkuu wa chuo alileta soda. Ya Madam ilibaki na kifuniko chake hadi jioni, na kuanzia siku hiyo hadi nilipohitimu aliongea nami kuhusu waya, taa na sauti tu. Hakuwa mkali. Alinipa alama za juu kabisa darasani, na sijawahi kupewa kitu kilichonifanya nijione mdogo namna ile.

Miaka minne ilipita. Nilipata kazi ya kuhariri video za mashirika, ambazo ndani yake watu hukatwa kutwa nzima na hakuna anayelalamika. Kisha mwaka huu, Kilimani, nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa karibu na ninapoishi, mtu akanigonga begani na pakiti ya plasta.

"Mzee. Sasa umezeeka kweli."

Sweta ileile. Tulitoka nje tukasimama kando ya magari. Aliniambia anastaafu Ijumaa ya wiki inayofuata. Darasa limepata mwalimu kijana, mwanafunzi wake wa zamani. Nikampongeza. Akapuuza pongezi.

"Yule soja alikuwa na namba yangu," akasema. "Kila Krismasi ananitumia ujumbe. 'Madam, bado?' Na mimi namjibu, 'Bado kidogo, baba. Tuko kwa kurekebisha rangi.'"

"Miaka minne, Madam?"

"Nimwambie nini? Alishawaambia watu wa kwao. Mara ya mwisho akaniuliza, 'Madam, hiyo rangi ni gani?'" Alicheka, kisha akaacha. "Nikienda Westlands siku hizi nazunguka. Siwezi kupita hiyo barabara ya geti, na yeye hata hayuko huko tena. Aliacha kazi. Yuko kwao Bungoma, anafuga kuku. Hakuna mtu anaweza kumfuta kazi sasa. Na mimi hakuna mtu anaweza kunifungia darasa." Akanikazia macho. "Ile ndefu unayo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeifuta ili nipate nafasi ya video ya shirika fulani la kuuza sabuni. Zilizobaki ni klipu mbichi tu, zote, kwenye kabati, kwa sababu mimi ni mvivu wa kusafisha kabati. Nikamwambia hivyo.

"Basi tunaanza upya," akasema. "Jumamosi, saa tatu. Andaa chai."

Alikuja Jumamosi saa tatu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake bila kuchelewa. Alikaa kwenye meza yangu ya kulia, mimi nikashika kipanya. Nilimpigia Brayo kumwomba ruhusa. Siku hizi anauza bima. "Weka tu, Mzae," akasema. "Lakini na mimi nisikatwe." Shiru hakuuliza chochote. Alituma neno moja: "Hatimaye."

Tulifanya kazi hadi alasiri. Kufikia yule mwuza mahindi, nilipendekeza tumpunguze kidogo, kwa sababu anatembea taratibu sana na jiko lake. Madam alinitazama tu, kama alivyonitazama siku ya viatu. Nikamrudishia mwendo wake wote, kutoka kushoto hadi kulia. Kile kidole gumba kilichokuwa kwenye moshi kikarudi, na nyuma yake mkono, na nyuma ya mkono mtu, akifungua geti kana kwamba alikuwa amelijenga.

Tulipokwisha kuiweka mtandaoni, Madam alitoa simu, akaiweka mezani kwa sauti ya juu ili nami nisikie. Ililia muda mrefu. Ilipopokewa, tulisikia kuku kwanza.

"Baba, ni Madam wa River Road. Ile kitu imetoka."

"Ya geti?"

"Ya geti."

Kuku mmoja alisema jambo.

"Sasa, Madam," sauti ikauliza, chini kidogo. "Nimo?"

"Umo, baba. Unafungua, unafunga, unafungua tena. Mtachoka na wewe."

Kisha akasema, "Ngoja. Usikate simu. Ngoja niite watu."

Tulimsikia akitembea uani kwake akiita majina, moja baada ya jingine, na milango ikifunguka. Madam alivua miwani akaiweka mezani. Tukangoja.